Nimemnyoa Mbwa wa Amana

Mpendwa mshauri Bi Ummu, asalaam aleikum, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usinifokee kama ulivyomfokea yule bwana wa Malindi aliyemficha mkewe mke wa pili, maana yule alistahili, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Skuli sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, baba akasema inatosha, basi nikikosea herufi wewe zipange, ndiyo kazi yako. Majina yote humu nimeyabadilisha, isipokuwa la Alawiya na la mbwa.

Mimi nakaa Lamu, mjini hasa, nyumba ya mawe ya babu yangu, chini nakaa mimi, juu napangisha. Na mtaa huu mtu wa amana ni mimi. Anayekwenda Makka huniachia dhahabu yake, anayekwenda Mombasa kujifungua huniachia funguo, na wapo walioniachia siri mpaka wakafa nazo ziko kwangu. Hakuna aliyewahi kurudi akakuta kitu chake kimepungua hata kwa ukucha. Hilo liweke kichwani, maana ndilo linaloniua.

Mpangaji wangu namwita hapa Jeruto, ni nesi, Mkalenjin, msichana wa heshima, ugali hula kila siku kama mwenye nadhiri lakini hilo ni lake. Alipokuja kutaka nyumba nilimuuliza, una mume? Akasema sina. Una watoto? Sina. Unapiga muziki? Sipigi. Nikasema nimepata. Sikumuuliza kama ana mbwa, nani humuuliza mtu kama ana mbwa, mji wetu huu paka ndio wenye nti, ndio raia. Basi akapandisha mizigo yake, wa mwisho ukawa kikapu, na kikapu kikapiga chafya.

Mshauri, ndani mlitoka mnyama mweupe kama sufi iliyopasuliwa leo, masikio mawili yamesimama, macho meusi kama mbegu za papai, mkia ameupandisha ukalala mgongoni kama kilemba kilichofunguka, anatembea kifua mbele kama anakagua gwaride. Nikauliza, "Huyu ni paka wa wapi?"

"Nyanya, ni mbwa. Ni spitz wa Kijapani. Anaitwa Jenerali."

"Mjapani au Mwamu wa hapa, mbwa ni mbwa. Atoke."

Hakutoka. Yule mtoto ana maneno laini, na mimi siku ile mguu ulikuwa umevimba akanifunga bandeji huku tukigombana, ukimaliza kufungwa bandeji na mtu huwezi tena kumfukuza. Nikampa masharti. Mbwa akae juu, ngazi asishuke, na ndoo ya mchanga safi ikae mlangoni, maana ulimi wake ukigusa kitu itabidi kioshwe mara saba na moja iwe ya mchanga, kama tulivyofunzwa. Akakubali yote. Lakini manyoya, mshauri, manyoya hayakukubali kitu. Nyumba zetu katikati ziko wazi mpaka juu, basi yale manyoya hushuka polepole, hayana haraka, yanatua kwenye msala, yanatua kwenye chetezo, yanatua kwenye tui. Kikavu kwa kikavu najisi haihami, sheria yake naijua, usinifunze, lakini kwenye tui? Na kubweka: humbwekea punda, hubwekea kikohozi, humbwekea mtu anayefikiria kupita. Alawiya, jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, yeye hubwekewa hata akiwa ndani kwake amefunga dirisha. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mnyama huyu ana akili.

Sasa sikiliza lililonileta. Jeruto akapigiwa simu kwao bara kwamba mama yake anafanyiwa operesheni. Akashuka kuniaga, akasema, "Nyanya, usijali kuhusu Jenerali, Bi Alawiya amekubali kukaa naye."

Alawiya! Alawiya ambaye dada yangu alimwachia kuku akarudi akakuta supu. Amana ya nyumba yangu ivuke kichochoro ikakae kwa Alawiya na mimi nazungumza na kula? Nikasema, "Mlete hapa." Nimeshasema ndipo nikafikiri.

Akanipa maagizo mengi na brashi moja ya meno ya chuma, achanwe kila siku mpaka ndani, maji yake yawe baridi, jua likipanda asitembezwe maana nyayo huungua, vitunguu asile, mfupa wa kuku asile. Mimi natikisa kichwa tu. Nimelea watoto sita na wajukuu siwahesabu, leo nifundishwe kulisha mbwa.

Mwanzo alikataa kula. Alikaa chini ya ngazi ameuelekea mlango wa ndia, wa kutokea nje, hageuki, sufuria iko nyuma yake na samaki wangu wa changu nimemtoa miba kwa mkono wangu, na hata mume wangu Mungu amrehemu sikuwahi kumtolea miba. Nikavuta kiti nikakaa kwa mbali, nikamwambia, "Kula wewe, watu watasema nakunyima." Akanitazama. Akala. Tangu siku ile akawa nyuma yangu kila niendako, ila alfajiri nikiswali hukaa kizingitini, hapiti mpaka nitoe salamu, na hata Razan mjukuu wangu hana adabu hiyo, yeye hupita mbele yangu na simu.

Basi kaskazi ikapamba moto. Mwaka huu joto la Lamu hulijui wewe uliyeko ofisini na feni. Jenerali ulimi nje, anahema, analala kwenye sakafu ya chokaa tumbo chini na miguu ameitupa nyuma kama chura, anahama na kivuli. Nami nikajiuliza, mtu mwenye akili akiona mtoto amevishwa koti la sufu wakati wa kaskazi atafanya nini? Atamvua. Ni hivyo tu. Ilikuwa huruma, mshauri, andika hapo kwamba ilikuwa huruma.

Nikamwendea Bakr kinyozi.

"Bi Rawiya, mimi hunyoa watu."

"Na wengine uliowanyoa huyu kawazidi usafi."

"Mashine ikishamgusa mbwa, nani ataniletea kichwa chake tena?"

"Si unayo ile kuukuu inayong'oa? Lete ile, halafu itupe, itakuwa umewahurumia na watu."

Akaja kwa kichochoro cha nyuma, mashine ameificha ndani ya kikoi kama ameiiba, akavaa glavu nilizompa, moja juu ya moja, akasema bismillahi, kisha akanitazama kama aliyetaka kujua alitakiwa kuisema au hakutakiwa. Akaanza ubavuni. Mshauri, yaliyoanguka hayakwisha. Yamefika vifundoni mwake, yeye bado anakata. Nikasema, "Bakr, mbwa yuko wapi?"

Akasema, "Bado sijamfikia."

Alipomfikia, kumbe ni kitu kidogo, cha rangi ya waridi, kama kuku aliyetiwa maji moto, na vijiguu vinne kama njiti. Mnyama mzima alikuwa nywele. Kichwa na mkia Bakr aliviacha na manyoya yake yote, maana yeye mtindo anaoujua ni mmoja, pembeni kavu juu zimebaki, vijana wa mtaa wa Wiyoni wanauita fedi. Nikamwambia amalize. Akasema hapo ndipo mwisho wake, wateja wote humalizia hapo.

Jenerali akajitazama upande mmoja, akajitazama wa pili, akazunguka chumba akinusa lile rundo kama anayetafuta kilichokuwa chake. Kisha akaingia chini ya kitanda, mkia tu ukabaki nje, na mkia wenyewe ameushusha. Sijapata kuuona ukishuka.

Asubuhi nikampandisha darini apate upepo, kumbe jua limemngoja. Mgongo ukawa mwekundu, ukaanza kubanduka. Nikampaka mafuta ya nazi, akayalamba, tumbo likamfungua, nami nikashinda na ile ndoo ya mchanga. Ndipo nikatoa leso yangu mpya nikamshonea vazi. Na ile leso, mshauri, niliinunua makusudi kwa maneno yake, niivae nipite nayo mbele ya mlango wa Alawiya, maana yanamhusu kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Sasa mbwa ndiye mwenye kumpelekea. Alawiya akafungua dirisha.

"Bi Rawiya! Huyo mwanao wa uzeeni anaendeleaje?"

"Hajambo. Anamuulizia yule kuku."

Akafunga dirisha. Lakini ameona, nimeyaona mato yake yakitazama, ameona kwamba ndani ya leso hamna mbwa wa kutosha.

Tatizo ni kwamba Jeruto hupiga simu ya video kila jioni. "Nyanya, nionyeshe Jenerali." Mimi hushika kichwa chake nikakileta mpaka kwenye kioo cha simu, na kichwa kina manyoya yake yote, kimetulia kama cha bwana harusi, mwenye kukiona hawezi kujua yaliyoko nyuma.

"Mbona amefungwa leso shingoni?"

"Baridi."

"Baridi? Lamu? Mwezi huu?"

"Juu huko kuna upepo, unajua nyumba hii."

Akasogeza uso kwenye simu. Kisha akasema, "Nyanya, ananiangalia vibaya. Hana raha. Ako na shida gani?"

Nami ulimi ukateleza, nikasema, "Amekukasirikia kwa kumwacha."

Mshauri, yule mtoto akalia. Mama yake amelala kitandani pale nyuma, namwona, amefunikwa mpaka kidevuni, na binti amekaa kwenye kistuli analia na anamwomba mbwa msamaha. Anasema, "Pole, Jenerali, nilikuwa sina njia, pole." Amwombe yeye! Tangu siku hiyo chakula hakinishuki, na usingizi wangu ambao haukuwahi kuwa na neno sasa una maneno.

Sasa mama yake anatoka hospitali na Jeruto anarudi karibuni. Nimefikiri mengi. Nimefikiri kusema ni maradhi, manyoya yalipukutika yenyewe, Razan ameniambia maradhi hayo yapo. Nimefikiri kusema ni Bakr aliyekuja bila kuitwa, ila Bakr ameapa akitajwa atasema nani alimwita na glavu alipewa na nani. Nimempigia mwanangu Idarus aliyeko Mombasa anitafutie mwingine wa kufanana naye, akasema, "Mama, mbwa si sufuria." Nimefikiri pia kumwambia Jeruto kwamba mama yake, nilivyomwona kwenye simu, bado hana rangi nzuri, akae naye kidogo mpaka manyoya yaote. Katika hayo nichagulie lisilo na dhambi nyingi.

Na kuna jambo dogo, sijui kama lina maana, kwamba huenda Jeruto aliniambia nisimnyoe. Sina hakika. Alisema mengi. Huenda alisema mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono.

Mbwa mwenyewe simpendi, hilo lieleweke. Lakini Alawiya ameshampigia Jeruto kumwambia ana chumba kikubwa chenye upepo wa bahari na hana masharti ya ngazi, na mimi sitaki mpangaji wangu ahame. Jeruto akihama, nani atanifunga mguu? Na nyumba itakuwa kimya, na mimi sasa nimeshazoea kelele. Za Jeruto. Ndizo nilizozizoea.

Nijibu upesi, na usiandike maneno ya mzunguko.

Ni mimi,
Mwenye Nyumba, Lamu.


BI UMMU ANAJIBU

Waaleikum salaam, bi mkubwa. Umeniomba nisikufokee, nami nilijitahidi. Nilifika salama mpaka pale ulipoandika "huenda alisema mara mbili", hapo nikashindwa, nikasimama, nikazunguka meza. Alikushika mkono, mama! Mtu akikushika mkono hakupi maoni.

Nianze na Jenerali, kwa kuwa yeye hakuandika barua. Nimezungumza na daktari wa mifugo, na haya ni yake. Mbwa wa jamii ya spitz wana manyoya ya tabaka mbili, marefu juu, na chini yake laini yaliyoshonana. Wewe uliona koti la sufu. Ungeona paa la nyumba. Yale ya juu hulizuia jua lisiifikie ngozi, na katikati hewa hupita. Hebu niambie, ukiona joto limezidi ndani ya nyumba yako ya mawe, unaita fundi akung'olee dari?

Kilichokuwa kikimtesa ni manyoya ya ndani yaliyokufa yakabanana, hewa ikakosa pa kupita. Hayo dawa yake ni brashi. Nami nimeisoma barua yako mara mbili nikiitafuta hiyo brashi: umeitaja siku uliyopewa, kisha haionekani tena. Iko wapi, mama? Ungemchana kila siku kama ulivyoagizwa, angepata nafuu, na tui lako lingepona pia, maana yaliyokuwa yakikushukia kutoka juu ni hayo hayo.

Basi sasa fanya hivi. Darini asipande jua likiwa limetoka. Matembezi yawe baada ya alfajiri na baada ya magharibi, na kabla hajatoka weka kiganja chako chini uone kama pamepoa. Leso iendelee akiwa nje, iwe pana isimbane, ndani mvue apumue. Mafuta ya nazi acha leo, umeshaona yalikomfikisha. Lamu hamkosi daktari wa punda. Mpeleke kwake autazame mgongo, na usimfungie mlango kwa aibu, huyo ameona makubwa kuliko mbwa mwenye fedi. Bakr usimwite tena kuja kusawazisha kichwa na mkia. Nimekujua, ulikuwa umeshalifikiria. Manyoya yataota kwa miezi, si kwa wiki, na daktari anasema wengine huota vipande vipande au rangi ikabadilika, kwa hiyo usimwahidi mtu kitu. Yakianza kuota, brashi, kila siku, mpaka ndani. Mambo ya twahara mimi si mufti, muulize shekhe wako, ila funika sufuria na uhifadhi msala sandukuni. Na ukimchana darini uangalie upepo. Ukiwa unavuma kuelekea kwa Alawiya, ngoja ugeuke. Nimekuona ukitabasamu. Ngoja ugeuke.

Sasa ni zamu yako.

Unasema wewe ni mtu wa amana, nami nakuamini. Lakini dhahabu haisikii joto, na funguo hazikatai kula. Miaka yote watu wamekuwekea vitu vinavyokaa tu sandukuni vikakungoja. Huyu ndiye wa kwanza mwenye pumzi, na kwake ukateleza, kwa huruma kama ulivyotaka niandike, nimeandika. Ilikuwa huruma, na ilikuwa kiburi, maana huruma peke yake ingempigia Jeruto simu kwanza. La kinyozi, kwa upande wangu, nimekusamehe.

La simu sijakusamehe. Msichana amekaa kwenye kistuli anamuuguza mama yake, hana wa kumpokea, na wewe ukamwongezea mzigo ambao ni wako. Amemwomba mbwa msamaha kwa kosa lako. Manyoya yataota yenyewe hata ukilala; lile neno ulilomwambia litabaki pale pale mpaka uliondoe wewe. Ndiyo maana chakula hakishuki. Usitafute sababu nyingine.

Maradhi ya kupukutika, mbwa wa kufanana, mama asiye na rangi nzuri: yote tupa. Hilo la mama ungelitamka kweli ningepanda basi mimi mwenyewe nije huko. Na hata ungekuwa hodari wa uongo, ambao huuwezi, kumbuka Alawiya ana dirisha, ana macho na ana nambari ya Jeruto. Kwa nini hajasema mpaka leo mimi sijui. Ila akitangulia yeye, ndicho hicho chumba chenye upepo kimepata mtu, nawe utakuwa umekisafisha kwa mkono wako.

Kuhusu kutompenda mbwa sibishani nawe. Lakini mtu hamtolei samaki miba asiyempenda, wala hamkatii leso aliyoinunua kwa ajili ya kumkomoa jirani. Mwambie Jeruto unataka wakae. Wote wawili, tamka hivyo hivyo. Mwombe ruhusa uwe unamchana Jenerali asubuhi. Umwombe, usimtangazie. Na hayo uyaseme siku nyingine, akishafika, akishapumzika. Leo usiyachanganye, itakuwa kama unamhonga.

Leo mpigie, mchana huu, kabla hajapata basi. Piga ya video, mwambie atoke kwanza chumbani kwa mgonjwa. Mvue Jenerali leso, mpe Razan simu asimame mbali, aonekane mbwa mzima kutoka puani mpaka mkiani. Kisha sema, kwa sauti ile ile uliyonayo kwa Alawiya, isiwe ya chini: "Jeruto mwanangu, ulinikataza kumnyoa, nami nikamnyoa. Hakukukasirikia. Nilikudanganya. Nimekosa, nisamehe."

Anaweza kupiga kelele. Anaweza kucheka, maana nami nimecheka mpaka nikafuta macho, Mungu anisamehe. Anaweza kusema anahama. Lolote atakalosema ni haki yake, nawe huna la kumpangia. Kaskazi usiitaje. Bakr usimtaje. Watoto sita uliowalea usiwataje. Sentensi yoyote ikikujia mdomoni inaanza na "lakini", imeze. Na ukimaliza kusema "nisamehe", bi mkubwa, nyamaza mpaka mtoto aseme.